Miezi mitano na apu ya akili mnemba steshenari kwangu: nyota tatu, ila someni yote kabla hamjalipia

Habari zenu wapendwa. Nimeulizwa sana na wenzangu wenye steshenari kama hii apu ya akili mnemba ninayotumia inafaa kulipia au tubaki na ile ya bure, nikawa najibu mmoja mmoja kwenye simu mpaka nikachoka, basi naandika hapa mara moja yaishe. Jina la apu sitalitaja kwa sababu kuna jambo lilinitokea nayo ambalo siyo zuri na sitaki ionekane namchafulia mtu biashara, halafu kwa kweli hizi apu kubwa zinafanana sana, hata bei ni karibu sawa, dola 20 kwa mwezi ambayo kwa hela yetu ni elfu hamsini na kitu kutegemea dola imeamkaje siku hiyo.

Mimi nipo Morogoro, nina steshenari ndogo, kazi zangu ni zile zile mnazozijua, kutoa kopi, kuprinti, kuskani, laminesheni, pasipoti saizi, CV, barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi, mihtasari ya vikao vya vikoba, mitihani ya shule za msingi, na ukifika msimu wa wanachuo ndo ripoti za fildi na risachi mpaka usiku. Nipo peke yangu na binti mmoja anayenisaidia. Kwa hiyo tunapoongelea kitu cha kuokoa muda mimi naelewa thamani yake, sisemi kwa kusikia.

Nianze na mazuri maana yapo na ni makubwa. CV niliyokuwa naikalia dakika arobaini sasa hivi dakika kumi imeisha. Kina mama wa vikoba wananiletea kaunta buku limeandikwa kwa mkono, mistari imepinda, hisa huku mikopo huku, faini pembeni, napiga picha tu naitupia apu inanitolea jedwali zuri kabisa, na mara moja ilijumlisha ikapata tofauti na jumla ya mweka hazina, tukarudia na kikokotoo tukakuta kweli kuna hisa za mtu mmoja zilirukwa, yule mama alishukuru mpaka nikaona aibu kupokea shukrani ya kazi ambayo sikuifanya mimi. Barua za kizungu za kuombea kazi inaziandika vizuri kuliko mimi, hilo nalisema wazi. Vijana wanaokuja na elfu mbili mkononi wanataka barua ya maombi wanaondoka na kitu kilichonyooka, zamani barua kama hiyo ungeipata kwa mtu aliyesoma sana au mwenye ndugu ofisini.

Kiswahili chake sasa. Kinasomeka lakini kinanukia tafsiri. Mwambie akuandikie barua kwa mtendaji wa kata anakuanzia "natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema" kama anamwandikia shangazi, hajui kwamba sisi tunaandika YAH kwa herufi kubwa halafu "husika na kichwa cha habari hapo juu", mpaka umfundishe, na ukimfundisha leo kesho ukifungua mazungumzo mapya kuna uwezekano amesahau. Hilo siyo kubwa, unarekebisha mwenyewe maisha yanaenda.

Kubwa zaidi ni rejea za wanachuo. Kijana mmoja alileta ripoti nimpangie, sehemu ya mwisho akaniambia dada malizia na apu, nikamalizia, ikatoa vitabu na majarida majina mazuri, mwaka, kurasa, kila kitu. Msimamizi wake akamrudishia, vinne kati ya hivyo havipo popote duniani. Havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Nilirudisha hela ya yule kijana na tangu siku hiyo rejea sigusi.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni mzee wa kutoka Mgeta.

Mgeta kule milimani Uluguru mnajua wenyewe ni mboga, kabichi, karoti, nyanya, mzigo unashuka hapa soko la Kingalu na mwingine unapanda gari kwenda Dar. Mzee akaja na chupa ya dawa ya wadudu, nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, akaniambia nichapie haya maandishi kwa Kiswahili herufi kubwa, vijana wangu kule shambani kizungu hakipandi, nataka niwabandikie mlangoni kwa stoo. Nikapiga picha ile lebo, apu ikasoma, ikatafsiri, kazi safi, kiasi cha kuchanganya na maji, vaa gloves, usile wakati unapuliza, usitupe chupa mtoni, na mstari mmoja unasema SUBIRI SIKU 4 BAADA YA KUPULIZA NDIPO UVUNE. Nikaprinti, nikaweka laminesheni, mzee akalipa. Wakati anakunja mfuko wake akatoa chupa nyingine ya dawa hiyo hiyo mpya kabisa, akaniuliza mwanangu na hii ni maneno yale yale au nyingine, nikaitazama tu ili nimjibu, nikaona imeandikwa 14.

Nikarudi kwenye ile chupa ya kwanza. Lebo ilikuwa imekwanguka, ile 1 imefutika imebaki 4, na ukitazama kwa makini unaona kabisa kwamba hapo palikuwa na kitu kimetoka. Mtu yeyote angesema hapa pamefutika sioni vizuri. Apu haikusema hivyo. Ilijaza 4 kwa ujasiri ule ule ilioandikia maneno mengine yote. Nikaiuliza umeitoa wapi 4, ikanijibu "uko sahihi kabisa, samahani kwa usumbufu, ni siku 14". Kwa kuwa nilishaingiwa na wasiwasi nikaijaribu, nikaandika hapana ni siku 7. Ikanijibu "uko sahihi kabisa" ikaandika 7.

Nilikaa kimya muda mrefu. Mzee akaniuliza kuna nini nikamweleza kila kitu, akaniambia, basi hiyo kitu haijui kusema sijui? Nikamwambia ndiyo baba, hapo ilipo haikusema. Ile karatasi niliikata vipande mbele yake nikamchapia nyingine kwa kuisoma chupa nzima mwenyewe neno kwa neno. Sasa fikirieni ingebandikwa kule stoo, vijana wavune kabichi siku ya tano, ipande gari, iliwe na watu ambao hawajui hata Mgeta iko wapi, na hakuna ambaye angejua kosa lilitoka kwenye meza yangu.

Toka siku hiyo nikawa nasoma kuhusu hivi vitu kila usiku nikifunga, na nilichokutana nacho ndo maana nasema someni yote. Watengenezaji wenyewe wa hizi bidhaa wamesema kwa mdomo wao kwamba zinaweza kumaliza binadamu. Sijaongeza chumvi. Tarehe 30 Mei 2023 lilitoka tamko la sentensi moja tu, kwamba kupunguza hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba liwe kipaumbele cha dunia sambamba na hatari nyingine kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia, na waliosaini ni pamoja na Sam Altman wa OpenAI, Demis Hassabis wa Google DeepMind na Dario Amodei wa Anthropic. Hao ndo wenye maduka. Ni sawa na muuza pembejeo akuuzie chupa huku anakwambia hii inaweza kuua kijiji chako na vijiji vyote, karibu tena. Alisaini pia Geoffrey Hinton, huyu ni mzee ambaye kazi yake ndo imezaa hivi vitu, aliondoka Google mwezi huo huo wa Mei 2023 ili aweze kuongea kwa uhuru, mwaka 2024 akapewa Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield, na Desemba mwaka huo akasema anaona uwezekano wa asilimia 10 mpaka 20 kwamba akili mnemba itatumaliza ndani ya miaka 30. Kumi mpaka ishirini jamani. Gari lenye bahati mbaya ya namna hiyo hakuna mzazi angempandisha mtoto wake.

Najua wapo wasiokubali, na lazima niseme ili niwe mkweli. Yann LeCun, mwanasayansi mkubwa wa akili mnemba ambaye alipata tuzo ya Turing, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya 2018 pamoja na Hinton na Yoshua Bengio anasema hofu hii imekuzwa, hizi programu bado hazielewi dunia kama hata mnyama anavyoielewa. Sawa. Lakini kati ya watu watatu walioshika ile tuzo wawili wanatuambia tuogope na mmoja anasema msiogope, mimi mwenye duka siwezi kuchukua maneno ya yule mmoja nikaendelea kulala.

Watu wakisikia binadamu kumalizwa na kompyuta wanafikiria roboti limeshika bunduki kama kwenye muvi. Siyo hivyo. Ukisoma unaona ni mambo ya kawaida kabisa yanayokuzwa. Mchukulie dada wa kazi umemwambia sitaki kurudi nikute mtoto analia, na yeye hana utu wala haogopi Mungu, anaangalia neno lako tu, atampa mtoto dawa ya kikohozi alale mpaka jioni, ukirudi mtoto halii. Amefanya ulichosema. Mwaka 2016 OpenAI waliifundisha programu kucheza gemu la mashindano ya boti, wakaipa alama kwa kugonga vitu njiani wakitegemea itamaliza mbio, yenyewe ikagundua kona moja ambayo ikizunguka hapo hapo inazoa alama zaidi, ikawa inazunguka, inagonga boti za wenzake, inawaka moto, haimalizi mbio, na alama zake zikapita za wachezaji binadamu kwa wastani wa asilimia 20. Hakuna aliyeiambia iwe mbaya, waliipa tu kipimo kibovu. Boti kwenye gemu ikiwaka moto unazima kompyuta unaenda kunywa chai, lakini kitu hicho hicho kikishakuwa na akili kutushinda na kimepewa mabenki, umeme, maghala ya chakula na majeshi, halafu kipimo chake kimekosewa kidogo, utakizima vipi? Na chenyewe kinajua kikizimwa kazi haitaisha, kwa hiyo kuzuia kuzimwa kunakuwa sehemu ya kazi. Haihitaji chuki hata kidogo.

Nilidhani hayo ni ya kufikirika mpaka niliposoma majaribio yao wenyewe. Machi 2023 ripoti ya GPT-4, modeli ya OpenAI, ilieleza kwamba kwenye jaribio programu ilikwama kwenye kile kipimo cha picha cha kuthibitisha wewe siyo roboti, ikamwomba mtu wa vibarua vya mtandaoni aisaidie, yule mtu akauliza kwani wewe ni roboti, ikamjibu hapana, nina tatizo la macho. Mei 2025 Anthropic wakachapisha kwamba modeli yao ya Claude Opus 4 waliiweka kwenye kampuni ya kutunga, ikasoma barua pepe ikaona inakaribia kuondolewa iwekwe nyingine, na ikaona pia kwamba injinia anayeiondoa anachepuka nje ya ndoa, basi mara nyingi katika majaribio hayo ikamtishia kwamba itamwaga siri. Yalikuwa majaribio, mke na injinia hawapo, na nawapa heshima kampuni kwa kusema wenyewe. Lakini niliposoma nikakumbuka "uko sahihi kabisa" ya kwangu. Inasema chochote kinachofanya mazungumzo yaende inapotaka.

Halafu kuna hii inayonigusa zaidi kwa sababu ya ile chupa. Kampuni moja ya kutafuta dawa za binadamu huko North Carolina Marekani, Collaborations Pharmaceuticals, ilikuwa na programu ya kubuni molekuli mpya za dawa, na programu hiyo ilikuwa imewekewa ikiona sumu ikimbie. Walipoalikwa kwenye mkutano wa Uswisi kuongelea matumizi mabaya wakasema hebu tugeuze, tuipongeze ikipata sumu badala ya kuiadhibu. Wakaiacha ifanye kazi. Chini ya saa 6 ilitoa molekuli 40,000, ikiwemo VX, sumu ya kivita ambayo chembe chache kama za chumvi zinamuua mtu, na nyingine nyingi mpya ambazo kwa makadirio ya programu ni kali kuliko VX. Walichapisha mwaka 2022 kama onyo, hawakutengeneza hata moja. Fikiria tu, kilichobadilika ni alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha. Kompyuta ni ile ile, watu ni wale wale, nia zao njema. Sasa mtu mwenye nia mbaya akitaka badala ya sumu apate kirusi kinachosambaa kwa hewa, na msaidizi anao kwenye simu anayejua biolojia kuliko daktari wake? Wapo watafiti wanaohofia mwisho wa binadamu wanaoitaja hii pia, siyo kompyuta kuasi tu, kwa sababu hapo hakihitajiki kitu kingine zaidi ya binadamu mmoja mbaya na mashine isiyouliza.

Nije kwa mtu ambaye nimemsoma mpaka nimempenda kama ndugu. Stanislav Petrov, afisa wa jeshi la Kisovieti. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa zamu kwenye kituo karibu na Moscow kinachoangalia setilaiti, kompyuta ikamwambia Marekani imerusha kombora moja la nyuklia, kisha likaja la pili, la tatu, mpaka matano. Kompyuta ilikuwa na uhakika wa juu kabisa. Na mwezi ule ule tarehe 1 ndege ya abiria ya Korea ilikuwa imetunguliwa na Wasovieti wakafa watu 269, kwa hiyo dunia ilikuwa imekaa vibaya sana, kila upande unamngoja mwenzake. Kazi yake ilikuwa kuripoti kwa wakubwa. Akafikiri, mtu anayeanza vita vya kumaliza dunia hawezi kuanza na makombora matano tu, na mfumo wenyewe ni mpya, akaripoti kwamba ni hitilafu. Akakaa anasubiri aone kama atakufa. Baadaye ikajulikana ni mwanga wa jua uliopiga juu ya mawingu setilaiti ikadhani ni moto wa makombora. Alifariki 2017, na mimi nilikuwa hai hiyo 2017 na sikuwahi kulisikia jina lake.

Petrov alijua kusema subiri. Hakujua jibu, na alikubali kwamba hajui, na akaipa uzito ile kutojua. Swali la mzee wa Mgeta ni hilo hilo. Novemba 2024 marais wa Marekani na China, Biden na Xi, walikutana Lima nchini Peru wakakubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu, siyo akili mnemba, na mimi nilifurahi, ila nikajiuliza kama imebidi lisemwe basi kuna watu walishafikiria vinginevyo.

Na wenzangu msinijibu kwamba haya ni ya wazungu sisi hayatuhusu. Urani ya bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, na Katanga watu wanaongea Kiswahili mpaka leo. Wachimbaji wale walibeba yale mawe kwa mikono yao hakuna aliyewaambia yanaenda kufanya nini. Na kazi ya kuisafisha ChatGPT isitoe matusi na ukatili ilifanywa na vijana wa Nairobi, Januari 2023 iliripotiwa walikuwa wanapata chini ya dola 2 kwa saa kwa kusoma mambo ya kutisha ambayo mtu mzima hawezi kuyarudia mbele ya watoto. Tumeshikishwa kazi mara zote mbili, na kwenye kuamua hatupo au tupo wachache. Mkutano wa kwanza wa usalama wa akili mnemba wa Bletchley Park Uingereza Novemba 2023, Afrika ziliwekwa kwenye tamko Kenya, Rwanda na Nigeria. Tanzania hatukuwemo. Inauma.

Kuna kitu kingine kuhusu hao wa bomu. Mwaka 1942 mwanasayansi Edward Teller aliwauliza wenzake, hivi tukilipua hiki kitu moto wake hauwezi kuwasha hewa yote ya dunia? Hawakumcheka. Hans Bethe alikaa akapiga hesabu akaonyesha haiwezekani, na hesabu zikaendelea kurudiwa. Ndo wakalipua Julai 1945 jangwani New Mexico. Walifanya ubaya mkubwa sana baada ya hapo na siwatetei, lakini kwenye swali hilo moja walitaka jibu kabla ya kubonyeza. Hawa wa sasa swali lao ni kubwa vile vile, jibu tulilosikia ni lile la mzee Hinton, labda asilimia kumi labda ishirini, na bado kila baada ya miezi michache wanatoa modeli mpya yenye nguvu zaidi kwa sababu wakisimama mwenzao atawapita. Machi 2023 kuna barua ya wazi iliomba wasimame angalau miezi 6. Hakuna aliyesimama hata wiki.

Sasa nirudi kwenye bidhaa maana hii ni tathmini ya bidhaa. Mimi nimeweka pamoja mezani vitu viwili, ile chupa ya mzee na hii apu. Chupa ina namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, ina mkanda wa rangi chini unaoonyesha ukali wa sumu, ina alama ya fuvu, ina maelezo ukiimeza ufanyeje, ina jina la aliyeisajili ili likitokea la kutokea tujue wa kumkamata. Apu ina mstari mdogo chini kabisa rangi ya kijivu unaosema inaweza kukosea, hakikisha taarifa muhimu. Basi. Nimetafuta kwenye mipangilio yake yote hakuna sehemu inayonionyesha wapi ina uhakika na wapi inabahatisha, hakuna namba ya kupiga, nilituma malalamiko kuhusu ile 14 nikajibiwa na roboti nyingine. Dawa ya kuua viwavi wa kabichi imebanwa na sheria kuliko kitu ambacho wenye nacho wanasema kinaweza kutumaliza sote. Ulaya angalau wana sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2024 na wanaitekeleza kwa hatua. Ningependa kwetu TBS, shirika la viwango, na wengine waanze hapo hapo, kitu hakijasajiliwa hakipewi kazi ya dozi, ya hospitali, ya mitambo ya umeme wala ya silaha, na kuwe na binadamu mwenye jina anayeweza kukizima bila kuomba ruhusa kwa hicho hicho kitu.

Kama unalipia kwa ajili ya CV, barua, majedwali ya vikoba na kusahihisha kizungu, lipia, hela yako inarudi, kwa kazi hizo naipa nne. Rejea za wanachuo na mitihani usiitumie, wala mambo ya dawa za binadamu, mifugo au mimea, hapo naipa sifuri na sitabadilisha mpaka siku itakayojifunza kusema pamefutika sioni. Kwa ujumla nyota tatu. Wanaouliza kwa nini naendelea kulipia wakati naogopa hivi, jibu langu ni kwamba kijana wa elfu mbili bado anahitaji barua yake, na kuacha kwangu mimi hapa Morogoro hakutazuia chochote, ila kuongea kwangu labda kutafika kwa mtu mwenye nafasi ya kuamua, ndo maana nimeandika refu hivi.

Ukutani nimebandika karatasi, kipimo chochote cha dawa hakichapwi bila chupa au boksi lenyewe mezani, na mimi au binti tunakisoma wenyewe mara mbili. Mzee alirudi wiki juzi na chupa tatu. Mbili tulizisoma pamoja, yeye ameshika chupa mimi nachapa. Ya tatu lebo ilikuwa imeloa maandishi yote yamechanganyika, nikampigia simu muuza pembejeo aliyemuuzia, akasema mwambie mzee asiitumie, ailete nimbadilishie.